Sidiria tatu, na hakuna hata moja inayokufaa

Swali: "Shikamoo dada. Naishi Ilazo hapa Dodoma, nafanya kazi Mtumba, nina miaka 31. Mwaka jana nilimwachisha mwanangu ziwa, nikaanza mazoezi. Jumamosi alfajiri nakimbia na kikundi chetu cha jogingi, kilomita tano hivi. Siku mbili kwa wiki niko jimu. Mwaka huu wizara yetu imenichukua timu ya netiboli na ya kuvuta kamba kwa ajili ya SHIMIWI, yale mashindano ya wizara na idara za serikali. Nina brazia za michezo tatu. Mbili ni L, zinapanda mgongoni. Moja ni M, inanikata pumzi. Nikikimbia navaa mbili kwa pamoja. Mabega yanauma, chini ya matiti nimetoka vipele vinavyowasha, na matiti bado yanaruka. Mwenzangu ofisini anasema ninunue S ndiyo itakayoshika. Je, ipo moja ya kufaa kila zoezi? Na kubana huku hakutaniletea ugonjwa wa matiti baadaye?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la haraka: S usinunue. Mwenzako ana nia njema, ila S itakubana mbavu, itayasukuma matiti juu na kwapani, na ukianza kukimbia yataruka kutokea huko huko yaliposukumwa.

Maelezo yako mwenyewe yameshanionyesha tatizo lilipo. L inapanda mgongoni kwa sababu mkanda wake wa chini ni mrefu kuliko mzunguko wa mbavu zako. M inakukata pumzi kwa sababu sehemu ya matiti ni finyu. Matiti hayana pa kukaa, kwa hiyo kitambaa chote kinavutwa mbele na kukukaba kifua. Kwa ufupi, una mgongo mwembamba na matiti mazito. Herufi S, M na L haziujui mwili wa namna hiyo. Aliyezipanga alichukulia kwamba mwenye matiti makubwa ana mbavu pana, na mwenye mbavu nyembamba ana matiti madogo. Wewe na wanawake wengine wengi mmebaki mnahama kutoka L kwenda M na kurudi L, mkidhani mwili ndio wenye kasoro. Na kwa kuwa umetoka kunyonyesha, matiti uliyo nayo leo si yale uliyoyazoea kabla ya ujauzito. Kipimo cha zamani kimekufa, tukizike.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Akija mwanamke na maumivu ya shingo na mabega, mara nyingi namwomba anionyeshe sidiria yake kabla sijaigusa shingo. Mifereji miwili mabegani, kama ya mtu aliyening'iniza ndoo kwa kamba, inanieleza mengi kuliko picha ya eksirei. Na jioni kwa miaka kadhaa nimefundisha netiboli wasichana wa sekondari. Kulikuwa na mmoja, mrefu, mwepesi, ambaye kila siku aliomba acheze golini. Nikadhani anapenda kufunga. Siku moja nikampanga katikati, nikaona anavyokimbia: mkono mmoja umekunjwa kifuani, mwingine ndio unaopiga hewa. Golini alikuwa anakimbilia mahali pasipo na mbio nyingi. Tulipompatia sidiria ya kipimo chake alicheza katikati mpaka akamaliza kidato cha nne. Tangu siku hiyo suala hili silichukulii kama la urembo, na swali lako nalijibu kwa urefu kwa ajili hiyo.

Titi halina msuli ndani yake. Msuli uko nyuma, kwenye ukuta wa kifua, na pushapu zinaukuza huo wa nyuma tu. Titi lenyewe ni mafuta, tezi za maziwa, na nyuzi nyembamba zinazoliunganisha na ngozi na kifua. Nyuzi hizo zimepewa jina la Astley Cooper, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Hizo nyuzi na ngozi ndizo zinazolishika titi siku zote. Unapokimbia, kiwiliwili kinashuka na kupanda kwa kila hatua, na titi linafuata likiwa limechelewa kidogo: mwili umeshaanza kupanda, lenyewe bado linashuka. Hapo ndipo penye maumivu.

Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, kina kundi la watafiti ambao tangu 2005 wamekuwa wakipima mwendo huu. Walichokionyesha ni kwamba titi haliendi juu na chini peke yake. Linakwenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, na ukiufuatilia mwendo wote unachora umbo kama la namba 8. Karibu nusu ndiyo ya juu na chini. Nusu iliyobaki ni ya pembeni na ya mbele. Sasa piga hesabu ya Jumamosi yako. Ukikimbia kilomita tano kwa dakika 35, kwa hatua kama 160 kila dakika, ni hatua 5,600. Matiti yako yanachora hiyo namba 8 maelfu ya mara kabla hujafika nyumbani kunywa chai.

Kinachoizuia safari hiyo ni mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu chini ya matiti. Watu wengi wanadhani ni mikanda ya mabegani, na hapo ndipo mabega yako yalipoanza kuuma. Fikiria mkaja. Mama aliyejifungua akifungwa mkaja, tumbo linashikwa kwa kuzungushiwa nguo. Hakuna anayelining'iniza tumbo mabegani. Sidiria nayo ni hivyo hivyo. Mkanda wa chini ukiwa imara na umelala sawa pande zote, mikanda ya mabegani inabaki na kazi ndogo ya kuongoza. Mkanda wa chini ukiwa legevu, unapanda mgongoni, matiti yanashuka mbele, wewe unakaza mikanda ya mabegani ili kuyainua, mkanda wa chini unazidi kupanda. Ni mzunguko usio na mwisho, na mabega ndiyo yanayolipa.

Ukishaelewa mkanda, elewa na sehemu ya mbele. Kuna sidiria za kubana na kuna za vikombe. Ya kubana ni kipande kimoja kinachovaliwa kwa kupitishia kichwani, kinayabandika matiti kifuani yawe kama kitu kimoja. Ndiyo inayojaa sokoni, na ndiyo kongwe. Ilianzia mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani. Lisa Lindahl alikuwa mkimbiaji aliyechoshwa na sidiria za kawaida. Akishirikiana na Polly Smith, mbunifu wa mavazi ya jukwaani, na Hinda Miller, walichukua vikinga viwili vya sehemu za siri vya wanamichezo wa kiume, wakavishona pamoja. Wakaiita Jogbra. Nawaheshimu sana wanawake wale, maana kabla yao dunia nzima ilikuwa na kikinga cha mwanamume na haikuwa na cha mwanamke. Lakini kubana kunawafaa zaidi wenye matiti madogo. Kwa matiti mazito kama yako, kubana kunayaunganisha yawe mzigo mmoja unaoruka pamoja, na jasho linakusanyika katikati yanapogusana.

Ya vikombe inalishika kila titi peke yake, kama yai kwenye trei. Huwa na kulabu nyuma, mikanda ya mabegani inayorekebishwa, na mshono au kitambaa kigumu kati ya vikombe viwili. Hiyo ndiyo inayozuia mwendo wa pembeni. Nzuri zaidi ni zile zenye vyote viwili, vikombe kwa ndani na kitambaa cha kubana kwa nje. Ukigeuza sidiria ndani nje ukakuta ni sponji tu la kutoa limetumbukizwa kwenye mfuko, hicho si kikombe. Sponji linaficha chuchu, halishiki kitu.

Sasa tupime. Unahitaji futikamba ya fundi, kioo, na dakika tano mlango ukiwa umefungwa. Usipime wiki ile ya kabla ya hedhi, maana wengi wetu matiti hujaa siku hizo. Vaa sidiria nyepesi isiyo na sponji. Pitisha futikamba chini kabisa ya matiti, pale mkanda unapolala, na angalia kwenye kioo isije ikawa imeshuka mgongoni. Toa pumzi nje, kaza futikamba iguse ngozi bila kuzama, soma. Halafu inama kidogo mbele ili matiti yajae, simama taratibu, na pima mzunguko unaopita kwenye chuchu bila kukaza chochote. Tuseme chini umepata sentimita 79 na juu 96. Kwenye vipimo vya Ulaya, mkanda wako ni 80. Tofauti ya juu na chini ni 17. Tofauti ya 12 hadi 14 ni kikombe A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, na kuendelea kila sentimita mbili. Basi wewe ungekuwa 80C. Lebo nyingi zinaandika na kipimo cha Uingereza na Marekani sambamba: 75 ni 34, 80 ni 36, 85 ni 38. Kama titi moja ni kubwa kuliko jingine, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, fuata lililo kubwa.

Muuzaji akikuambia, "80C imeisha dada, chukua 85B, ni ile ile," ana ukweli nusu. Nafasi ya kikombe inakaribiana kweli, lakini mkanda umeongezeka sentimita tano na tatizo lako la L limerudi. Ukilazimika kuhama, jaribu 75D kama mbavu zinaruhusu.

Najua utasema, dada, kwenye meza za Sabasaba au Machinga Complex nitajaribia wapi? Hakuna chumba, na watu wanapita. Ndiyo maana nawafundisha wagonjwa wangu kubeba uzi. Ukishapima chini ya matiti, kata uzi usiovutika wa urefu ule ule, weka kwenye pochi. Ukifika mezani, ifunge ile sidiria kwa kulabu ya mwisho kabisa, ile ya kulegeza zaidi, ilaze, halafu ukunje uzi mara mbili uuweke juu ya mkanda wa chini. Mkanda ukiwa umetulia lazima uwe mfupi kuliko uzi uliokunjwa. Uvute kwa mikono miwili mpaka ulingane na uzi: ukifika hapo ukiwa bado na akiba ya kuvutika kidogo, ni wako. Ukilingana na uzi bila hata kuvutwa, utapanda mgongoni. Ukifika mwisho wa kuvutika kabla haujaufikia uzi, utakukata pumzi. Nimeona wauzaji wakishangaa mara ya kwanza, mara ya pili wanamwita mwenzao aje atazame.

Kwa nini kulabu ya mwisho? Kwa sababu lastiki hulegea kadiri unavyofua. Sidiria mpya ianze kwenye kulabu ya nje, miezi ikipita uingie ya katikati, kisha ya ndani. Ukinunua ambayo inakushika kwenye kulabu ya ndani tangu siku ya kwanza, huna pa kwenda.

Na usichukue ya mtumba, hata iwe inang'aa. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwamo, na mbali na suala la afya ya ngozi kuna hili la lastiki: uhai wake umeshatumika kwa mtu mwingine. Fulana ya mtumba itakukimbiza vizuri miaka mitatu. Sidiria ya mtumba haitafanya hivyo.

Ukifika nyumbani, ivae mbele ya kioo kabla hujatoa lebo. Inama, ingiza mkono, lipange kila titi liingie lote kwenye kikombe chake, pamoja na nyama ya kwapani. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda mgongoni, visiweze vinne. Nyanyua mikono juu kama unayedaka mpira: mkanda usipande. Vuta pumzi ndefu mpaka mwisho, usihisi ukuta. Kisha ruka mara 20 pale pale, na usijionee haya, uko chumbani kwako. Kama unajikuta umekunja mkono kuzuia kifua, irudishe dukani. Matiti yanayofurika juu ya ukingo ni dalili ya kikombe kidogo. Kitambaa chenye mikunjo ni kikombe kikubwa. Na kama ina waya, waya ulale kwenye mbavu pande zote, usikae juu ya titi hata kidogo.

Swali lako kuu lilikuwa kama ipo moja ya kufaa kila zoezi. Hapana, na ningependa usiitafute. Unahitaji mbili, basi, na nitakuambia kwa nini nikipita zoezi moja moja.

Mbio na netiboli ziko kundi moja, ila netiboli ni kali kuliko unavyodhani. Sheria inakupa sekunde tatu tu za kukaa na mpira, na ukishaudaka huruhusiwi kuendelea kukimbia nao. Maana yake unakimbia kwa kasi, unadaka, unasimama ghafla. Mwili umesimama, matiti yanaendelea mbele. Ongeza kuruka kudaka mpira wa juu, mikono yote hewani, na hapo mkanda legevu unapanda wote mpaka katikati ya titi. Hapa ndipo pa kutumia fedha yako: ya vikombe, mkanda wa chini mpana, kulabu tatu, mikanda ya mabegani mipana inayorekebishwa, kola ya juu kidogo mbele. Kwenye pakiti utaona wameandika kiwango cha msaada, mdogo, wa kati au mkubwa. Chukua mkubwa, lakini uzi wako ndio uwe hakimu, maana maandishi hayo kila kiwanda hujiandikia.

Jimu ni habari nyingine. Mruko ni mdogo, lakini kuna mambo ambayo hayafikiriwi. Ukilala chali kwenye benchi kusukuma chuma, kulabu za mgongoni zinakandamizwa kwenye uti wa mgongo. Ukibeba chuma mabegani kwa ajili ya skwati, vyuma vya kurekebishia mikanda vinakaa pale pale chuma kinapolala, na vinachoma. Hivyo siku za jimu vaa laini, isiyo na kulabu, mgongo wake umekutana katikati ya mabega ili mikono iwe huru. Msaada wa kati unatosha. Ikitokea siku ya kuruka kamba au kukimbia kwenye mashine, vaa ile kubwa.

Kuvuta kamba, nakiri, ndiyo iliyonifanya nifikiri zaidi. Mruko hakuna kabisa. Kuna kamba inayopita chini ya kwapa ikisugua, na kuna pumzi: unakaza mwili mzima huku unahitaji hewa. Kitu chochote kigumu ubavuni, mshono mnene, waya au lebo, kitakuchubua. Vaa ile ya jimu, na juu yake fulana inayofunika kwapa. Na mkanda usikaze. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya wakimbiaji wanawake 9 waliozoezwa vizuri: mkanda wa chini ulipokazwa, kupumua kulihitaji kazi zaidi, na ulipolegezwa walitumia oksijeni kidogo kwa mwendo ule ule. Imara na kukaza ni vitu viwili tofauti. Mkanda imara unapanuka na mbavu zako ukivuta pumzi, unarudi nazo ukiitoa.

Kama fedha ni ya moja mwezi huu, nunua ile kubwa. Siku za jimu unaweza kuitumia hiyo hiyo. Ile ya jimu haiwezi kukufaa kwenye mbio hata ukiikaza vipi.

Hilo la kuvaa mbili kwa pamoja ni la kujihami tu. Mpaka utakapopata ya kukufaa, afadhali uvae sidiria yako ya kawaida yenye vikombe na mkanda unaokushika, kisha moja ya L juu yake, kuliko L mbili au L na M. Ya ndani inashika kila titi, ya nje inatuliza. Wiki mbili tatu, isizidi hapo.

Vipele. Dodoma hewa ni kavu na jasho linakauka upesi, kwa hiyo watu hudhani hawatoki jasho. Linatoka, linakauka, linaacha chumvi. Vumbi letu jekundu linakaa juu ya chumvi ile, na mkanda unaopandapanda unasugua vyote viwili kwenye ngozi kama msasa. Chini ya titi ambako hewa haifiki, jasho halikauki kabisa. Ngozi inalowa, inachubuka, na fangasi wanapata makazi. Ukimaliza kukimbia usipitie sokoni wala usikae kupiga soga na sidiria ile ile. Ivue, oga, kausha chini ya matiti kwa kupapasa na taulo safi bila kusugua, kaa kidogo bila kuvaa kitu. Kabla ya mbio paka mafuta mazito kidogo ya mgando pale mkanda unapopita, lakini pale tu ambapo ngozi ni nzima. Kama vipele vina harufu, vinang'aa kwa wekundu au vina kingo zinazosambaa, mwonyeshe mhudumu wa afya; kuna krimu za fangasi zinazovimaliza, na ukipaka mafuta ya mgando juu ya fangasi unawatunzia unyevu. Kitambaa cha pamba tupu, ambacho wengi husifia, hunywa jasho na kubaki kimelowa. Kwa mbio chagua cha polista au nailoni iliyochanganywa na uzi wa kuvutika.

Maji ya visima vyetu yana chumvi, unalijua hilo kila unapofua na povu likagoma. Sabuni isiyotoka kwenye kitambaa hukifanya kigumu, nacho kigumu hukwaruza. Suuza mara moja zaidi ya ulivyozoea. Fua kwa mkono, maji ya baridi, mara baada ya zoezi. Maji ya moto, dawa za klorini kama Jik na kukamua kwa kunyonga huua lastiki. Jua la mchana nalo huiua. Hapa mama zetu walitutangulia bila kukusudia: ile heshima ya kuanika nguo za ndani chini ya kanga, ili wapita njia wasizione, ndiyo kivuli hasa ambacho lastiki inakihitaji. Endelea nayo, ila kanga iwe nyepesi na hewa ipite.

Fundi anaweza kukusaidia kuliko unavyofikiri. Zile L mbili usizitupe. Kama nafasi ya matiti inakutosha na tatizo ni mkanda tu, anaweza kuupunguza mgongoni na kuweka kulabu, pengine na kupanua mikanda ya mabegani. Sharti moja: ashone zigizaga. Mshono ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika utakatika siku ya kwanza utakapovuta pumzi. Mwambie akuonyeshe kwanza kwenye kipande, vuta kwa nguvu, uzi usilie.

Sasa hofu yako ya mwisho. Kuvaa sidiria hakuleti saratani ya matiti. Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa 2014, uliwalinganisha wanawake zaidi ya 1,500 waliopita umri wa hedhi. Haukuona uhusiano wowote, iwe ni saa ngapi kwa siku walivaa au ilikuwa na waya. Kubanwa kunaleta mengine: ngozi kuchubuka, mabega kuuma, pumzi fupi, na kwa anayenyonyesha mirija ya maziwa inaweza kuziba, jambo la kukumbuka ukijaliwa mwingine. Kulegea kwa matiti kunatokana zaidi na umri, mimba, uzito unaopanda na kushuka, na sigara. Usimlaumu mtoto uliyemnyonyesha.

Ila maumivu ya mazoezi yana tabia yake: yanakuja na mruko, yanaondoka na mapumziko, mara nyingi pande zote mbili. Ukihisi uvimbe, au maumivu ya upande mmoja yasiyoondoka, ngozi ya titi ikaingia ndani kama ganda la chungwa, chuchu ikageuka au ikatoa damu, usisubiri hedhi mbili tatu zipite wala usilaumu sidiria. Nenda hospitali, General au Benjamin Mkapa, wakuangalie wiki hiyo hiyo.

Jumamosi hii, basi, vaa ya kawaida ndani na L moja juu, na kimbia nusu ya safari. Pima kabla ya kwenda sokoni, kata uzi wako. Kisha niandikie namba mbili, ya chini na ya juu, na uniambie kama zile L zinakutosha kwa mbele ukizivuta mkanda kwa mkono mgongoni. Nikijua hayo nitakuambia ipi ya kumpelekea fundi na ipi ya kuiacha iwe tambara.